Mwaka wa Chiriku Darasa la Kwanza

Nyumbani, 16 Januari

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote mnaojenga hilo daraja. Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika kila nikipanda ngazi za barazani, lakini limekuwa likilalamika tangu nilipostaafu reli, kwa hiyo silihesabu kuwa ugonjwa. Mkeo ni mzima. Yuko zamu ya mchana hospitalini, na juzi alizalisha pacha ambao, anasema, walitoka wakigombana. Mfereji wa paa nimeuzibua. Nyumba ya jirani imeingia watu wanaofuga njiwa. Bado sijaamua kama nitawapenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwanao ameanza darasa la kwanza, na shule ilituita tukaelezwe mambo ya mwaka mzima. Mkeo alikuwa kazini. Akaniambia, "Baba, utaenda wewe." Nikamwambia mimi si mzazi, mimi ni babu. Akasema, "Karatasi inasema mzazi au mlezi. Asubuhi nani anamfunga Chiriku kamba za viatu?" Nikavaa koti langu la reli, lile lenye vifungo vya shaba, nikaenda.

Nilifika dakika kumi na mbili kabla ya wakati. Viti vyote vilikuwa vya watoto. Nikakalia kimoja. Kukaa hakukunishinda, kuinuka ndiko kulikohitaji watu wawili.

Mwalimu mwenyewe ni msichana mwembamba, sauti ndogo. Nikajisemea moyoni, hawa watoto watamla mzimamzima. Tulikuwa watu wazima ishirini na sita, tunapiga soga kama tuko sokoni. Akapiga makofi matatu, akanyoosha mkono juu, akanyamaza. Hakusema neno. Mmoja akaona haya akanyamaza, na wa pili, na wa tatu, mpaka tukasikia maji yanadondoka bombani. Ndipo akasema, "Hivi ndivyo tunavyotulia darasani. Sijapaza sauti tangu mwaka uanze." Mwaka ulikuwa na siku tisa tu za shule.

Akatupitisha kwenye siku yao kama vile sisi ndio wanafunzi. Mlangoni kuna misumari ya kutundikia mikoba, na juu ya kila msumari pana picha, kwa kuwa wengine bado hawajui kusoma majina yao. Mwanao amechagua treni. Wakishatundika wanakaa mkekani kwa duara, wanasalimiana kwa majina, wanatazama hali ya hewa dirishani na kuichora ubaoni. Halafu kazi zinagawanywa: kuna mgawa vitabu, kuna wa kumwagilia maua, kuna wa kufuta ubao. Chiriku wiki hii ni mlinzi wa mlango, na nasikia hapiti mtu bila kuhojiwa. Ratiba imebandikwa ukutani, kila kipindi na saa yake. Niliisoma yote nikitafuta kosa. Sikupata.

Muhula wa kwanza ni sauti za herufi na hesabu hadi ishirini. Wa pili ni mbegu, maji na vipimo. Kuhusu vipimo akatuambia tupime urefu wa darasa kwa nyayo zetu. Mimi nikapata nyayo ishirini na tisa. Muuza vioo wa pale njia panda akapata thelathini na tatu. Nikamwambia, ndugu yangu, nimehesabu abiria miaka thelathini na nne, huwa sikosei. Akasema yeye hukata vioo kwa milimita, naye huwa hakosei. Tukabishana mpaka mama mmoja mshona nguo akasema, "Jamani, si miguu yenu hailingani?" Mwalimu akacheka. "Ahsante, mama. Somo la muhula wa pili mmelimaliza." Nikaona haya, lakini tangu siku hiyo nimemheshimu.

Kila jioni mtoto asome kwa sauti dakika kumi, mtu wa nyumbani amsikilize, kisha atie sahihi kwenye daftari. Hiyo nimeichukua mimi.

Na muhula wa tatu ni "Kazi za Watu". Kila mtoto ataleta mtu wa nyumbani aje aeleze kazi yake na kuwaonyesha. Kuna chati ukutani, watoto wameshachora watu wao. Wa kwanza kabisa ni Chiriku. Amechora daraja, na juu ya daraja mtu mwenye cheche za moto mkononi. Ameniambia, "Babu, baba atakuja na ile kofia yake ya chuma yenye dirisha." Siku yake ni Ijumaa ya tatu ya mwezi wa tisa. Omba ruhusa mapema.

Ni mimi baba yako.


Kambini, 9 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako ilikuja na lori la wiki iliyopita. Unajua huku simu hazishiki, kwa hiyo likichelewa lori tumekwisha. Mimi ni mzima. Mvua imetusumbua kidogo, mto umejaa, lakini nguzo ya nne imesimama. Poleni na goti. Njiwa wape muda.

Nimeisoma barua yako mara mbili na kuwasomea wenzangu sehemu ya nyayo. Wamecheka mpaka wakamwaga chai. Sasa hapa kambini kila mtu anapima bweni kwa miguu yake na kubishana.

Nimefurahi ulikwenda. Kusema kweli nilijaribu kukuona kwenye kiti kile na koti la reli, nikashindwa. Enzi zangu alikuwa anakuja Mama peke yake. Angekuona siku hiyo, Mungu amrehemu, angecheka kuliko hawa wa kambini.

Mwambie Chiriku baba yake anasikia anavyolinda mlango. Anasoma nini hizo dakika kumi? Anashika kitabu mwenyewe? Niandikie vitu vidogovidogo, vikubwa nitavisikia tu.

Kuhusu mwezi wa tisa, tutaona. Kazi ni nyingi.

Mwanao.


Nyumbani, 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika siku ya kumi na moja. Posta yenu ingekuwa treni ningeiandikia ripoti.

Nyumbani salama. Mkeo amehamia zamu ya asubuhi. Njiwa mmoja ameamua kulala kwenye dirisha langu na sikumfukuza, lakini hilo libaki kwako.

Umeuliza vitu vidogo. Anashika kitabu mwenyewe, kidole chini ya neno, na akikwama anapandisha mabega juu kama anainua mzigo. Sauti za herufi mbilimbili zinamtesa: akiliona neno "ng'ombe" anaenda kunywa maji kwanza. Daftari la sahihi tumelipatia utaratibu wetu. Sitii sahihi; nachukua koleo langu la kutobolea tiketi, natoboa tundu pembeni. Mwalimu akaniita kuuliza kama nyumbani tuna panya.

Siku hiyohiyo nilikuwa na langu la kumwambia. Mimi na muuza vioo tulikuwa tumekubaliana kwamba darasa hili linacheza mno. Nikamwuliza, "Mwalimu, jedwali la kuzidisha lini? Sisi tuliimba mbili mara mbili mpaka koo zikakauka." Akasema, "Babu, njoo Jumatano ukae nasi asubuhi moja. Ukitoka, uniulize tena." Nikaenda. Niliona watoto wawiliwawili wanasomeana, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole. Niliona mtoto mmoja akigawa vizibo kumi na viwili vya chupa kwa rafiki zake watatu, kwa haki, bila kuambiwa kwamba hiyo ni kugawanya. Saa nne ilipofika nilikuwa nimekaa mkekani na watoto wanne wananisomea kwa zamu. Mpaka leo sijamwuliza tena. Sasa naenda kila Jumatano. Nimepewa msumari wangu mlangoni, na picha nimechagua birika, kwa sababu picha nzuri zilikuwa zimekwisha.

Mmoja aliniuliza, "Babu wa Chiriku, ni kweli ulikuwa unaendesha treni?" Chiriku ndiye aliyewaambia. Kengele ikalia kabla sijajibu.

Jambo moja. Barua yako inanukia vitunguu. Mnachomelea karibu na jikoni? Nimemwuliza mkeo, akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

Ruhusa umeshaomba?

Baba yako.


Kambini, 11 Aprili

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Lori lilikwama. Mimi mzima, daraja linaendelea. Nimefurahi kusikia habari za birika.

Baba, naona si vizuri kumpa mtoto ahadi. Mwambie Chiriku achague mtu mwingine. Wewe mwenyewe unaweza kwenda, watoto wanakujua.

Wasalimie wote.


Nyumbani, 20 Mei

Mwanangu,

Nimeipata barua yako, kama ile inaweza kuitwa barua. Nimekaa nayo karibu mwezi mzima. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Hatujambo. Chiriku amepoteza jino la mbele na sasa anapiga mluzi akisema "saa sita". Muhula wa pili umeanza, wameotesha maharage kwenye chupa, na la kwake limepinda. Mkeo anakonda kidogo. Nikimwuliza habari zako ananijibu kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Sikumwambia mtoto achague mwingine. Hilo utamwambia wewe.

Sasa sikiliza. Juzi tuliitwa tena tuelezwe muhula mpya. Mwalimu, kabla ya kuanza, akatuomba kila mmoja amwambie jirani yake kitu anachokumbuka darasa la kwanza. Muuza vioo akanisimulia jinsi alivyofungua dirisha akidhani ni mlango. Zamu yangu ikafika. Nikamweleza habari zangu mimi, ubao, mwalimu wetu mwenye saa ya mnyororo. Akaniuliza, "Na mwanao? Yule wa daraja, darasa la kwanza alikuwaje?"

Nikamwambia tusikilize, Mwalimu anaanza, ingawa hakuwa anaanza.

Sijui mwalimu wako alikuwa nani. Sijui ulikaa dirishani au mlangoni. Sijui kama "ng'ombe" ilikutesa na wewe. Nilikuwa na kibali cha kusafiri bure, ningeweza kushuka kituo chochote nikarudi kwa treni ya jioni, na sikushuka hata mara moja. Nilijiambia kazi ni nyingi. Nimeyaona maneno hayo kwenye barua yako ya Februari, nikayatambua kama mtu anavyotambua shati lake mwilini mwa mwingine.

Ulichoandika kuhusu Mama yako nilikisoma. Nilikipita kwenye barua yangu kama sikukiona. Nilikiona. Nisamehe, mwanangu.

Kama kuna jambo linakuzuia kuja, niambie. Nimejifunza kusikiliza dakika kumi kila jioni bila kumkatiza msomaji.

Baba yako.


Kambini, 18 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mwenye masikio makubwa, tulimwita Vipokezi, kama vile vya redio. Nilikaa karibu na mlango, safu ya pili. "Ng'ombe" haikunisumbua, iliyonitesa ni "mbwa". Sasa unajua. Na nimekusamehe, ingawa sikujua kwamba nilikuwa bado nimeshikilia kitu mpaka nilipokiachia.

Zamu yangu.

Mwezi wa nane mwaka jana tulikuwa watatu juu ya nguzo ya pili, tunachomelea. Mwenzangu wa kushoto akateleza. Hakufa, Baba. Mkanda ulimzuia kidogo, ukakatika, akaanguka mtoni, wakamwopoa. Nyonga yake ilivunjika, na sasa anatembea kwa mkongojo kwao. Kesho yake nikapanda kama kawaida. Nilipofika kipandio cha sita mikono ikagoma kuachia ngazi. Ilibidi watu wawili waje kunibandua kidole kimoja kimoja. Nikajaribu tena wiki nzima. Kipandio cha sita, palepale.

Msimamizi si mtu mbaya. Akaniambia, "Ama urudi nyumbani, ama uende jikoni, mpishi ameondoka." Nikaenda jikoni. Kwa hiyo vitunguu ulivyovinusa ni vyangu. Naoka mikate, Baba. Watu mia moja na arobaini, kila siku. Tanuri nimelichomelea mwenyewe kwa mapipa mawili, miguu yangu ikiwa ardhini. Mwanzoni mikate ilitoka migumu, wakaiita matofali. Sasa wanagombea maganda.

Mke wangu anajua, nami ndiye niliyemwomba asikwambie. Usimlaumu.

Nilikuogopa wewe. Unamkumbuka mpishi wa behewa la chakula? Ulikuwa ukirudi safari unamwigiza: "Mwanamume mzima anazunguka na mwiko." Nilikuwa na miaka minane na nilicheka pamoja nawe. Kila nikishika mwiko hapa naisikia ile sauti. Na Chiriku ameshanichora juu ya daraja na cheche mkononi. Nitamwambiaje kwamba baba yake alishuka?

Ndiyo hiyo, Baba.


Nyumbani, 3 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Hatujambo wote. Habari nyingine za nyumbani zisubiri.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda kumpa pole mkeo kwa kubeba yale mayai muda wote huo. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akaniambia, "Baba, hata mimi nimechoka kuanua nguo ambazo hazijakauka."

Yule mpishi wa behewa la chakula. Nilikula chakula chake miaka thelathini na nne na sikumshukuru hata siku moja. Nilimsema kwa sababu abiria walimpenda. Akipita yeye wanajisogeza wampishe. Nikipita mimi wanakimbilia chooni wajifungie. Ulikuwa wivu wa mtu mzima, nami nikakufanya wewe mtoto uucheke. Kama yuko hai nitamtafuta.

Na kuhusu kushuka. Umeona mwenzako anaanguka, ukapanda tena kesho yake, na wiki nzima baada ya hapo. Mimi sijawahi kupanda popote zaidi ya behewa.

Jana ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na neno lililonikwama tangu Machi, tangu kengele ile iliyoniokoa. Nikamwomba Mwalimu dakika mbili. Nikapiga makofi matatu, nikanyoosha mkono, wakatulia. Nikawaambia, "Watoto, mimi sikuwahi kuendesha treni. Nilikuwa mtoboa tiketi. Chiriku alidhani naendesha, nami nikamwacha adhani hivyo kwa sababu ilinipendeza." Nilimtazama mwanao.

Chiriku akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaongea na watu wote kwenye treni? Dereva anakaa peke yake." Na wenzake wakaanza kupiga kelele waone koleo. Nikatoboa karatasi ishirini na sita. Kumbe uongo wote ule ulikuwa kwa faida yangu mimi tu.

Mwambie mwenyewe. Andika maneno mafupi, sasa anasoma.

Baba yako.


Kambini, 30 Julai

Baba, shikamoo.

Nimemaliza kuandika, nikalala bila kugeukageuka. Karatasi ya Chiriku nimeikunja ndani ya hii. Nakunakilia ilivyo, ili ukiona amekwama umsaidie:

Chiriku. Baba hapandi daraja tena. Baba aliogopa. Sasa Baba anaoka mikate. Watu mia moja na arobaini wanaila. Je, nije shuleni kwenu na unga?

Msimamizi amekubali siku nne, mradi niwaachie mikate ya kutosha. Lori la kunirudisha litapita Ijumaa hiyohiyo saa sita mchana, siwezi kulikosa.

Nasubiri jibu lake kabla sijafunga mkoba.

Mwanao.


Nyumbani, 14 Agosti

Mwanangu,

Jibu ni ndiyo. Hilo kwanza, salamu na mambo mengine baadaye.

Alisoma mwenyewe, kidole chini ya neno. Kwenye "wanaila" alipandisha mabega, akashinda. Alipomaliza alinyamaza kwa muda mrefu, na wewe unajua kwa nini tunamwita Chiriku. Nikadhani mambo yameharibika. Halafu akauliza, "Alishuka mwenyewe au alianguka?" Nikamwambia alishuka mwenyewe. Akasema, "Basi vizuri," akaenda kucheza.

Kesho yake akamwomba Mwalimu kifutio. Amelifuta daraja kwenye chati. Mahali pake amechora mkate, ingawa muuza vioo anasema ni kiatu. Cheche ameziacha. Anasema ni za tanuri.

Njoo.

Baba yako.


Nyumbani, 23 Septemba

Mwanangu,

Natumai umefika salama na umeukuta uongozi wa jikoni mikononi mwa watu wenye adabu. Sisi hatujambo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla tangu ulipoondoka, nami nimelihisi hilo zaidi nikiwa na kikombe cha chai asubuhi.

Yaliyotokea Ijumaa ulikuwapo, lakini wewe ulikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma, na nyuma kuna mambo yake.

Kwa mfano, hukuona kwamba kabla hujaingia Chiriku alisimama kwenye kona ya vitabu akiusemea ukuta hotuba yake mara sita. Wewe uliisikia ya saba: "Huyu ni baba yangu. Alikuwa anachomelea daraja. Akaogopa, akashuka, sasa analisha watu wote wa daraja." Ulipoinama kufungua mfuko wa unga nilijua hukuwa unatafuta kitu ndani yake. Mwalimu naye alijua. Ndiyo maana akaanza kugawa mabakuli kwa mikono yake, wakati siku hiyo kulikuwa na mgawa mabakuli.

Yule mtoto wa mshona nguo alipokuuliza, "Uliogopa kweli?" nawe ukajibu, "Sana, mpaka vidole vikakataa kufunguka," muuza vioo alikuwa karibu yangu. Akaniinamia sikioni. "Mzee, mimi nauza vioo na naogopa ngazi. Miaka yote anayepanda ni mke wangu. Wateja tunawaambia kwamba nina mgongo." Nikamwambia siri yake itafika kambini tu.

Ulipowaambia mkate mmoja hutosha watu wanne, ukawauliza kwa watu mia moja na arobaini utaoka mingapi, nilitaka kunyoosha mkono nijibu. Mwalimu akanitazama. Nikaushusha. Wakamwaga vizibo mkekani, wakavipanga vinne vinne, vikaanguka, wakavipanga tena, na walipopiga kelele "thelathini na mitano!" nilikumbuka nilivyokuwa nikidai jedwali la kuzidisha, nikatazama dirishani.

Sasa yale usiyoyaona kabisa. Honi ya lori ilipolia ukaondoka, unga uliokandwa ukiwa bado umefunikwa kitambaa. Watoto walikaa kuuzunguka, wanachungulia, na kila mmoja aliapa kwamba ameuona ukipanda. Mwoka mikate wa njia panda akatukubalia tanuri lake saa nane. Tulikwenda kwa mstari, wawiliwawili, kila mtoto na donge lake kwenye karatasi yenye picha yake. Mwanao alitembea mbele kabisa na kumweleza yule mwoka mikate jinsi ya kufanya kazi yake.

Ishirini na tano waliila mikate yao ikiwa ya moto, njiani. Chiriku hakuula wake. Aliufunga kwenye leso, akakaa nao ngazini mpaka mama yake alipotoka zamu. Mkeo aliula amesimama mlangoni, hajavua hata viatu vya kazi. Akatafuna, akafumba macho, akasema, "Umepungua chumvi kidogo."

Mtoto akashika kiuno. "Chumvi nilitia mimi!"

Mkeo alianza kucheka, hakuweza kuacha, akakaa chini palepale sakafuni, na mtoto naye akacheka, na mimi nikalazimika kushika fremu ya mlango. Sijasikia nyumba hii ikicheka hivyo tangu enzi za Mama yako.

Kwa hiyo nakuandikia kwa shughuli maalumu. Chiriku anataka kujua chumvi inakwenda kiasi gani kwenye kilo moja ya unga. Aliniuliza mimi, nami nikamwambia kweli, sijui. Nikamwambia tumwulize mwenye kazi yake.

Jibu kwa lori la kwanza.

Baba yako.